Kufunga breki kubwa za mbele kwenye Subaru: kwa sisi tunaoshuka milima ya Kitonga na Isyonje

Kila wiki naulizwa. "Kaka, nikifunga kalipa za pistoni nne gari litakuwa linasimama papo hapo?" Mwingine: "Nimepata kalipa za Legacy pale soko la Mwanjelwa, zitakaa kwenye Forester yangu?" Na wa tatu, ambaye huwa ameshalipa: "Fundi, rimu haiingii, nifanyeje?" Nimechoka kujibu hayo hayo kwenye simu usiku, na huyu wa tatu ndiye anayeniuma zaidi. Soma mpaka mwisho kabla hujatoa hela. Kwa asiyejua, kalipa ni kile kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu.

Kwanza ujue unanunua nini

Breki kubwa hazitakusimamisha karibu zaidi ukikanyaga kwa nguvu mara moja. Kama leo ukikandamiza pedali ABS (mfumo unaozuia matairi yasigande ukifunga breki) inaanza kutetema mguuni, breki zako zina nguvu ya kutosha, kilichoshindwa ni tairi. Hela yako ipeleke kwenye matairi.

Unachonunua ni uwezo wa kubeba joto. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela ni kama mita 500, na barabara ya kutoka Uyole inapanda kwanza mpaka Isyonje ndipo ianze kushuka kwenda Tukuyu. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 1,000 linaachia nguvu ya kutosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Sehemu inaondoka na upepo, sehemu inashikwa na injini ukitumia gia ndogo, inayobaki inaishia kwenye diski, na nyingi ni za mbele. Diski ndogo ikizidiwa, pedi zinaacha kushika. Joto likifika kwenye mafuta ya breki yakachemka, pedali inazama kama umekanyaga sponji. Aliyewahi kuzama hivyo Kitonga, na semi-trela mbele yake, haulizi tena breki kubwa za nini.

Kwa hiyo kabla ya kalipa, fanya haya mawili: badilisha mafuta yote ya breki uweke ya daraja la DOT 4, mapya, na weka pedi nzuri za asili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na kwa ukungu wa Tukuyu yanapata unyevu wa kutosha. Kiwango cha chini cha DOT 3 mpya kuchemka ni nyuzi 205, ikishanyonya maji ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Nusu ya wanaonijia wakiisha kufanya hayo mawili wanarudi kuniambia tatizo limekwisha. Hilo halinipi biashara, lakini ndivyo lilivyo.

Kama bado pedali inalegea mlimani, au injini umeiongezea nguvu, endelea.

Kipi kinakaa kwenye kipi

Naongelea Impreza za 2001 hadi 2007 na Forester za 2002 hadi 2007, zenye bolti tano za rimu kwenye duara la milimita 100. Vua tairi la mbele upime kipenyo cha diski kwa futi. Nyingi zisizo na turbo utakuta milimita 277. Zenye turbo kwa kawaida ni 294. Juu ya hapo una njia tatu.

Ya kwanza, diski za 294 na kalipa za turbo, ama zile za pistoni mbili zinazoteleza, ama za pistoni nne zilizokuja kwenye WRX (Impreza ya turbo) za 2006 na 2007. Rimu ya inchi 16 kwa kawaida inatosha, ila za pistoni nne ni nene upande wa nje, kwa hiyo angalia miguu ya rimu.

Ya pili, diski za 316 na kalipa za pistoni mbili kutoka Legacy GT ya 2004 hadi 2009. Hizi hazina jina kubwa mtaani wala rangi ya kuvutia, na ndizo ninazozipenda. Diski ni nene milimita 30 badala ya 24, na bolti zinaingia kwenye matundu yale yale. Uwe na rimu ya inchi 17. Kijana mmoja aliwahi kunicheka kwamba hizo ni breki za mzee. Mustang GT ya 2005, gari la Wamarekani lenye injini ya V8, ilitoka kiwandani na diski za mbele za 316 vile vile. Ford walipoanza kutoa breki za kampuni ya Brembo za 355 kama nyongeza ya kulipia, ilikuwa modeli ya 2011.

Ya tatu, Brembo za STI (Impreza kali kuliko WRX), diski za 326. Lazima rimu ya 17, na si kila 17 inapita. Halafu kuna mtego: STI kuanzia 2005 zilihamia duara la 114.3. Diski zake hazikai kwenye habu yako (kitovu cha gurudumu) ya 100, hata muuzaji aape vipi. Unahitaji diski za STI ya 2004 au za kuagiza zilizotobolewa kwa 100.

Mwongozo huu unafuata hiyo ya pili. Nyingine hazitofautiani sana.

Ukiwa sokoni

Kalipa nyingi tunazopata ni mtumba wa Japani. Nenda na klempu na spana ya nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Funua mpira wa vumbi uangalie pistoni: kutu ya vishimo pale silinda inapopita ni kuiacha. Sukuma pistoni kwa klempu, irudi taratibu bila kukwama. Jaribu kufungua nipo hapo hapo dukani, maana nipo ikikatikia nyumbani ni yako. Hakikisha unapewa na brakiti zake (vyuma vinavyoshikilia kalipa), kwa sababu brakiti ya 277 haishiki kalipa ya 316. Na hakikisha ni ya kulia moja na ya kushoto moja. Nimewahi kuuziwa mbili za kulia, nikagundua nikiwa nimefika Uyole.

Diski na pedi nunua mpya. Diski za mtumba zenye mstari wa ukingo ni chuma chakavu tu. Hii ya 316 ikishuka chini ya milimita 28 ni ya kutupa.

Vitu vya kuwa navyo

- Kalipa mbili na brakiti zake, diski mbili za 316, pedi seti moja
- Washa za shaba mpya nne
- Mafuta ya breki DOT 4, lita moja, chupa ambayo haijafunguliwa
- Jeki, stendi mbili, na mawe ya kuzuia matairi ya nyuma
- Soketi 19, 17 na 14, spana za ringi 10 na 14
- Bolti mbili za M8 ndefu kidogo
- Brashi ya waya, kopo la kusafishia breki, grisi ya breki
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa ya maji ya nusu lita
- Msaidizi anayesikia maelekezo

Rimu ya inchi 17 iwe mkononi siku hiyo hiyo. Usianze kazi ukisubiri rimu inakuja na basi.

Kazi yenyewe

1. Weka gari kwenye sakafu ngumu, zuia matairi ya nyuma, vuta handibreki. Legeza nati za rimu gari likiwa bado chini, kisha inua na uweke stendi. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Udongo wa hapa ukilowa unameza jeki huku unaangalia.

2. Kabla hujafungua mfumo wa mafuta, jaribu rimu. Toa kwa muda kalipa na diski ya zamani kama ilivyo kwenye hatua ya 4 na ya 5, bila kufungua mpira wa breki. Simamisha brakiti, kalipa na diski mpya kwenye nafasi yake, hata kwa bolti mbili za kushikiza, vika rimu ya 17 uizungushe kwa mkono. Unataka walau milimita 3 kila mahali, kwenye duara la ndani na nyuma ya miguu ya rimu. Zingatia vile vipande vya risasi vya balansi vilivyobandikwa ndani. Rimu inaweza kupita vizuri na kile kipande cha risasi kikawa kinachonga kalipa kila mzunguko. Ikigusa, simama hapo. Ukishafungua mfumo wa mafuta huna gari mpaka umalize.

3. Toa waya mmoja wa betri. Kisha bonyeza pedali sentimita 3 hivi kwa kijiti kilichoegemezwa kwenye kiti, kibaki hivyo. Hii inafunga tundu la masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), na mafuta hayatamwagika mpaka kopo la mafuta ya breki likauke. Betri umeitoa kwa sababu taa za breki zingebaki zinawaka muda wote. Usibane mpira wa breki kwa koleo. Unapasuka ndani, nje unaonekana mzima.

4. Fungua bolti mbili za 17 nyuma ya brakiti, toa kalipa ya zamani pamoja na brakiti yake. Itundike kwa waya kwenye springi ya shokapu, isining'inie kwa mpira.

5. Toa diski. Itakuwa imeng'ang'ania. Mafundi wengi hapa huanza kuipiga nyundo, na beringi ya habu inazila zote. Angalia usoni pa diski: kuna matundu mawili yenye meno. Ingiza zile bolti za M8, kaza huku kidogo, kule kidogo. Diski inajisukuma yenyewe na kutoka kwa mlio mmoja mkubwa. Usishtuke.

6. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Ganda la kutu lenye unene wa karatasi linatosha kuifanya diski mpya iyumbe. Baada ya siku kadhaa utahisi usukani unatetema, utasema umeuziwa diski feki.

7. Angalia bati la nyuma ya diski. La 277 ni dogo kwa 316, litagusa. Likunje kwa koleo kuelekea nyuma, au kata ukingo kwa mkasi wa bati. Mimi hukata. Ukikunja, jiwe dogo la barabara ya vumbi linaweza kulirudisha.

8. Osha diski mpya pande zote mbili kwa kopo la kusafishia breki. Ina mafuta ya kuzuia kutu kutoka kiwandani. Usitumie petroli wala dizeli: inaacha utando, na ikigusa mipira ya kalipa inaivimbisha. Vika diski, kisha shika kwa nati mbili za rimu ili ikae sawa.

9. Funga brakiti mpya. Bolti zake ni Nm 80 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Huna spana ya kupimia? Chukua mpini wa sentimita 40, usukume mwishoni kwa nguvu sawa na uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa. Hapo uko karibu kabisa na 80. Nati za rimu baadaye ni Nm 90 hadi 100, kwa hiyo ndoo ile ile na kidogo juu yake.

10. Paka grisi ya breki kwenye pini za kuteleza na migongo ya pedi, kidogo tu. Grisi ya beringi ya kawaida inaharibu mipira. Weka pedi, kisha shusha kalipa na kaza pini zake.

11. Hamisha mpira wa breki. Toa bolti yake yenye tundu katikati kwenye kalipa ya zamani, weka kwenye mpya na washa mpya mbili, moja kila upande wa kichwa cha mpira. Hii ni Nm 18 tu. Watu huivuta kama nati ya rimu, ikakatika. Geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, uone mpira haujanyongwa wala haugusi tairi.

12. Rudia upande wa pili. Kabla hujaendelea, chuchumaa mbele ya kila kalipa uangalie nipo. Lazima iwe juu. Hewa hupanda. Nipo ikiwa chini umebadilisha kulia na kushoto, na bolti zitakuwa zimekaa vizuri tu bila kukuonya.

Niliwahi kufanya hivyo miaka ya mwanzo, usiku, balbu moja inaning'inia kwenye mti wa mparachichi. Nilimaliza chupa tatu za mafuta ya breki, pedali bado uji. Nikalaumu masta silinda, nikalala nimekasirika. Asubuhi kijana aliyekuja kujifunza kazi, wiki yake ya pili, alisimama na kikombe cha chai akauliza, "Shikamoo fundi. Hivi hizo nipo si huwa zinaangalia juu?" Nilijibu marahaba, la nipo nikanyamaza.

13. Toa kile kijiti, rudisha betri, jaza kopo la mafuta, anza kutoa upepo. Mpira mwembamba kwenye nipo, mwisho wake uzame kwenye mafuta kidogo ndani ya ile chupa. Wewe uko kwenye tairi, msaidizi yuko kwenye pedali, na mnaongea kwa sauti: "Kanyaga!" Anakanyaga. "Shikilia!" Unafungua nipo robo mzunguko, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga. "Achia!" Kamwe asiachie kabla hujafunga, atavuta hewa kurudi ndani. Gari likiwa la siku nyingi weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni, maana raba za masta silinda zikipita kwenye kutu ya mwisho wa silinda zinachanika.

Angalia kopo kila baada ya mikanyago mitano. Likikauka, hewa inaingia kwenye ABS na kazi unaianza upya. Endelea kila upande mpaka mapovu yaishe na mafuta yawe na rangi ya mapya. Ukipata nafasi toa ya zamani kwenye matairi ya nyuma pia. Yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi mara moja.

14. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali kwa nguvu, shikilia nusu dakika. Isizame. Kagua kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Washa injini, pedali itashuka kidogo kisha ikae ngumu. Ndipo ufunge matairi ushushe gari.

Kuzoesha pedi

Usitoke gereji ukashuka Iwambi kwenda Mbalizi na pedi ambazo hazijawahi kushika. Kwanza zunguka mtaani taratibu ukikanyaga mara kumi kumi. Kisha tafuta barabara tambarare. Mimi huenda upande wa Igurusi kuelekea Chimala, Jumapili asubuhi kabla malori hayajawa mengi. Toka kilomita 70 kwa saa, punguza kwa kukanyaga wastani mpaka 20, bila kusimama kabisa. Rudia mara nane hadi kumi. Utasikia harufu ya kuungua, ni ya kawaida. Baada ya hapo endesha dakika kumi bila kugusa breki zipoe. Usisimame na mguu ukiwa kwenye pedali diski zikiwa za moto, pedi zitaacha alama yake pale pale. Na kwenye vijiji kibao cha 50 kinakuhusu. Trafiki hana habari na pedi zako.

Ukifika kilomita 50, kaza nati za rimu tena.

Ikigoma

*Pedali laini.* Hewa. Rudia hatua ya 13, lakini kwanza angalia nipo ziko juu. Ikiwa ngumu ila inashuka zaidi kidogo kuliko zamani, huenda ni pistoni kubwa zinazohitaji mafuta zaidi. Utazoea. Ikizama taratibu ukiwa umeishikilia, masta silinda inavujisha ndani.

*Usukani unatetema ukikanyaga.* Vua diski uangalie hatua ya 6. Mara chache sana ni diski yenyewe.

*Gari linavuta upande mmoja.* Upande linakovutia ndio unaoshika, mwingine umelala. Upande uliolala ndio wa kukagua: pini iliyokwama, pistoni ngumu, au mafuta yameingia kwenye pedi. Pedi iliyonyonya mafuta haisafishiki, nunua nyingine.

*Rimu moja inachemka kuliko nyingine.* Endesha kilomita tano bila kukanyaga sana, simama, weka mkono karibu na kila rimu. Inayochemka ina kalipa isiyoachia. Legeza nipo kidogo: gurudumu likiwa huru ghafla, mpira wa breki umevimba ndani, badilisha. Lisipokuwa huru, ni pistoni au pini.

*Mlio mwembamba asubuhi za Juni na Julai.* Kutu ya usiku na baridi. Ukikanyaga mara tatu unaisha. Usipoisha, mgongo wa pedi umekosa grisi.

*Nyuma inapokonyoka kwenye mvua.* Hili watu hulikuta wakishaweka pedi kali nyuma wakidhani wanasawazisha. Rudisha pedi za kawaida nyuma.

*Taa ya ABS imewaka.* Tisa kati ya kumi ni ule waya wa sensa ulioukunja ukitoa kalipa, au soketi yake haijabana. Uko pale pale nyuma ya shokapu, umefungwa na bolti ambayo ulisema utaikaza baadaye.